Switipii za harusi: kuotesha maua ndani ya nyumba Leeds na kuyahamishia uani

Muuza maua alitaka pauni 480 kwa meza kumi na mbili, na hapo alikuwa hajataja maua ya kushika bibi harusi. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Julai hapa Leeds na majukumu yalishagawanywa: wajomba ukumbi, mashemeji chakula, mimi maua. Nilipewa maua kwa sababu moja tu, kwamba nimekulia Lushoto. Watu wa Tanga mjini wanaamini mtu wa Lushoto akidondosha punje barabarani inaota, na imani hiyo imesafiri na ukoo wetu hadi Uingereza. Nikasema basi, nitaotesha mwenyewe. Ilikuwa Desemba, saa kumi jioni giza limeshaingia, na katika nchi hii sikuwa nimewahi kuotesha kitu zaidi ya kotimiri kwenye kopo.

Switipii niliichagua kwa hesabu, si kwa mapenzi. Ni ua la mwaka mmoja: unasia Januari au Februari, unavuna kuanzia Juni. Pakiti yenye mbegu ishirini hivi ni pauni tatu. Mmea unapanda fito hadi unapita kichwa cha mtu mzima, kwa hiyo hauli eneo, nasi uani tuna tuta moja jembamba kando ya ua wa mbao. Halafu kadiri unavyokata ndivyo unavyozidi kutoa. Kwa asiyeijua: ni ndugu wa njegere, jani na vikono vyake ni vya njegere kabisa, ila ua ni kubwa zaidi, lina rangi chungu nzima, na harufu yake ina asali na ua la mchungwa kwa pamoja. Ndugu wa njegere, lakini hailiwi. Mbegu zake zina sumu. Nitalirudia hilo, maana lilinikosanisha kidogo na mama mkwe.

Tuanze na vyungu. Switipii inateremsha mzizi mrefu mapema sana, kabla hujaona jani la maana juu, na haipendi mzizi huo usumbuliwe. Zile trei za vishimo vifupi tunazosia nyanya hazifai. Kuna vyungu vyembamba virefu vya plastiki vinavyofunguka ubavuni, ili siku ya kuhamisha utoe mche na udongo wake bila kuvuta. Seti niliinunua pauni 11 na ninaitumia hadi leo. Wengi huku wanatumia vile vibomba vya boksi vinavyobaki tishu ya chooni ikiisha. Ni vya bure, na mche unapandwa na kibomba chake kikaozee ardhini. Nilivijaribu sambamba na vya plastiki na sikuvipenda: vinaota ukungu, vinalegea, ukivishika vinameguka mkononi. Kama hela imebana, vitumie, lakini vipange vikiwa vimebanana ndani ya kontena ili vishikiliane, na siku ya kupanda hakikisha ukingo wa juu wa boksi umefukiwa wote. Ukibaki nje ya udongo, upepo unaukausha, nao unavuta maji kutoka kule chini kwenye mizizi.

Kuhusu kuloweka mbegu, kila mtu ana dini yake. Wapo wanaoloweka usiku kucha, wapo wanaochanja ganda kwa wembe, wapo wanaosugua kwa msasa. Mimi niligawa pakiti, nusu nikaloweka, nusu nikasia kavu. Zilizolowekwa zilitangulia kidogo kuota, lakini kadhaa ziliteleza zikaoza humo humo. Kavu zilichelewa na zikaota karibu zote. Siku hizi nasia kavu. Mbegu ikigoma kwa wiki tatu ndipo naifukua, naichanja kidogo upande ulio mbali na kovu lake, na kuirudisha. Kina ni sentimita mbili hivi, mbegu mbili kwa chungu kirefu. Udongo uwe na unyevu kiasi kwamba ukiuminya unashikana bila kuchuruzika.

Sasa hita. Vyungu vya kwanza, mwezi Januari, vilipangwa kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, juu ya hita, kwa sababu nyumba nzima ilizionea huruma: nje theluji, zitaishije? Zikaota ndani ya wiki moja kwa mkupuo. Picha zikaenda kwenye grupu la harusi, sifa zikamiminika. Baada ya muda mfupi miche ilikuwa imezidi urefu wa kiganja, shina jembamba, kijani kimefifia, jani moja hapa na jingine kule mbali, yote imeinama imebandika vichwa kwenye kioo. Ukikigeuza chungu asubuhi, jioni imejipinda upya kuelekea dirishani. Ukimwagilia, shina linalala na haliinuki. Kisha ile ya katikati ikaanza kusinyaa pale pale shina linapotoka udongoni, pakawa uzi, ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Kinyausi. Ugonjwa huo naujua tangu utotoni kwenye vitalu vya kabichi, ila kwetu unaletwa na maji mengi na kusia kwa kubananisha. Huku ulikuja na hewa ya jikoni iliyosimama, na udongo usiopata nafasi ya kupumua kwa sababu kila aliyepita kuchemsha chai alitia maji.

Ukijua switipii ilikotoka, haya yote yanaeleweka. Ni mmea wa Sicily na kusini mwa Italia. Mtawa wa huko, Francesco Cupani, alituma mbegu zake Uingereza mwaka 1699 kwa Robert Uvedale, mwalimu wa Enfield aliyekuwa mkusanyaji wa mimea, na aina yenye maua ya zambarau ya rangi mbili bado inauzwa kwa jina la Cupani. Ni miongoni mwa pakiti nilizonunua, na kwa harufu inazishinda nyingi za kisasa zenye maua makubwa. Kule kwao mbegu inaota mvua za vuli zikianza, inakua polepole miezi ya baridi, inachanua majira ya machipuko, na inakufa kabla jua la kiangazi halijakaza. Yaani baridi ndiyo wakati wake wa kujenga mizizi. Ukiipa joto la sebuleni, nyuzi 20 na zaidi, bila mwanga wa kutosha, inarefuka tu ikitafuta jua ambalo halipo. Leeds mwezi Januari mchana una urefu wa saa nane hivi tu, tena ni wa mawingu.

Hapo ujuzi wa Lushoto ulinigeuka. Kwetu kitalu unakijengea kichanja, unakiezeka nyasi au majani ya mgomba, kwa sababu jua lipo la kumwaga na kazi yako ni kulipunguza. Huku jua ndilo haba. Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni huu: joto la kuotesha liwe nyuzi 15 hivi, hazihitaji zaidi, na kichipukizi cha kwanza kikipasua udongo, chungu kinahama kutoka chumba chenye hita kwenda mahali pa baridi penye mwanga mwingi kuliko pote ulipo nao. Kinahama siku hiyo hiyo, si wikiendi. Vile visanduku vya kuoteshea vyenye umeme vinavyouzwa madukani ni kwa ajili ya pilipili na biringanya. Kwa switipii ni hela ya kutupa.

Katikati ya Februari nikasia upya, pakiti mbili nyingine, pauni sita. Safari hii vyungu vilikwenda kibaraza cha mbele chenye vioo, ambako hakuna hita na asubuhi unaiona pumzi yako. Mama akanipigia kwa video akaviona: "Mwanangu, hivyo vitoto unaviua kwa baridi." Vilikawia. Karibu wiki tatu za udongo mtupu, na hakuna cha kufanya, na kwangu huo ndio ulikuwa wakati mbaya kuliko wote. Grupu linauliza picha. Bibi harusi anauliza kwa upole, upole ule wa mtu anayejizuia. Usiku nilikuwa nashuka na tochi ya simu kuangalia kama kuna kilichochomoza, na nilishaanza kuhesabu kimoyomoyo nitakopa wapi hizo 480.

Halafu kabla hazijachomoza, panya. Asubuhi vyungu vya pembeni vilikuwa vimefukuliwa, shimo dogo safi katikati ya kila kimoja, na ganda la mbegu limeachwa juu ya udongo. Hiyo sumu ya switipii inaonekana wao haiwahusu. Nyumba hizi za matofali zilizoungana mtaa mzima zina panya hata kama hujawahi kuwaona. Nilifunika vyungu kwa wavu wa chuma wa matundu madogo, nikaukandamiza kwa matofali. Wavu wa plastiki wanautafuna. Funika siku ile unaposia, usisubiri ushahidi.

Miche ya kibarazani ilitoka mifupi, minene, kijani kimekoza, jani limekaribiana na jani. Ungeiweka pembeni ya ile ya jikoni usingeamini ni mbegu za aina moja.

Mwisho wa Machi alikuja rafiki yangu wa Nakuru. Kabla ya kuja huku alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya waridi ya Naivasha, na mmea kwake ni kazi, hana mambo ya kuubembeleza. Miche ilikuwa na jozi tatu za majani na mimi nilikuwa nimejaa fahari. Akaitazama, akauliza, "Na hii inangoja nini? Kata kichwa, dada."

"Ndiyo kwanza imependeza."

"Ndiyo maana unakata sasa."

Akaushika mche mmoja kati ya ukucha wa kidole gumba na cha shahada, juu tu ya jozi ya pili ya majani, tik, kichwa kikadondoka kwenye sahani ya mandazi. Harufu ya njegere mbichi ikajaa kibarazani. Kisha akanisogezea trei niendelee mwenyewe.

Inauma, lakini kata. Shina la kwanza la switipii huwa dhaifu kwa maumbile, na likiachwa linakwenda juu peke yake na kutoa maua machache. Ukilikata, kwenye makwapa ya majani ya chini yanatoka matawi mawili au matatu, na hayo ndiyo yenye nguvu, ndiyo yatakayobeba maua. Tuliikata hata ile michache ya jikoni iliyosalimika na kinyausi, tukaiacha mifupi kabisa, tukaihamishia baridini. Kadhaa ilijikusanya ikarudi kuwa mimea ya kawaida, ingawa ilibaki nyuma ya wenzake hadi mwisho. Kwa hiyo kama yako imeshakuwa mirefu na milegevu, usiitupe kabla ya kuijaribu hivyo.

Aprili ni kukomaza. Mkulima wa kwetu anajua kwamba wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha miche unapunguza kivuli na maji ili iwe sugu. Lengo ni hilo hilo, ila huku kinachozoeshwa ni upepo, baridi ya usiku, na jua lisilopitia kioo. Unaanza na saa mbili tatu za mchana mahali palipokingwa, unaongeza kila siku, usiku unairudisha ndani, na baada ya wiki moja hadi mbili inalala nje. Miche iliyokulia kibarazani baridi haiisumbui. Upepo ndio unaoitesa. Mimi nafanya kazi kwa zamu kwenye makao ya kutunzia wazee, nami siku moja niliacha trei juu ya meza ya uani nikaenda zamu ya mchana. Niliporudi usiku trei ilikuwa chini kifudifudi na nusu ya vyungu vimemwagika. Tangu hapo trei inakaa ardhini, ndani ya kreti zito, ukutani. Kama kazi yako ni ya zamu, mkabidhi mtu wa nyumbani jambo hili kwa jina kabisa, maana hali ya hewa ya Aprili huku inabadilika mara nne kwa siku.

Sakitu ilinitisha zaidi kuliko ilivyostahili. Asubuhi moja nilikuta majani yamelala, yana weupe wa barafu juu, nikajua habari imekwisha. Kufikia saa nne asubuhi yalikuwa yamesimama. Miche iliyokomazwa inavumilia sakitu nyepesi. Usiiguse ikiwa imeganda, iache jua liifungue. Utabiri ukitaja baridi kali, tandaza juu yake kile kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia mimea, na shuka kuukuu nalo linafaa.

Kuhamisha nilifanya mwishoni mwa Aprili, jioni yenye mawingu. Wiki kadhaa kabla nilikuwa nimelichimba tuta kina cha jembe zima na kuchanganya mfuko wa samadi ya farasi iliyooza vizuri, pauni sita. Switipii ni mlaji. Kwenye udongo mwembamba utapata majani ya njano na maua mawili. Fito za mianzi za zaidi ya mita mbili simamisha kwanza, ndipo upande, kwa sababu ukichomeka fito baadaye unakata mizizi ambayo miezi yote hii umekuwa ukiilinda. Mche mmoja kila fito, nafasi ya sentimita 20 hadi 25. Mwagilia vyungu saa moja kabla ili udongo ushikamane na mizizi, fungua, weka, fukia hadi pale palipokuwa usawa wa udongo chunguni, kandamiza kwa vidole, mwaga maji ya kutosha.

Vikono havijui kushika mwanzi mnene na laini. Mche mchanga unaning'inia pembeni ya fito ukitafuta kitu chembamba, ukikosa unashikana na jirani yake, na baada ya wiki una fundo usiloweza kulifungua. Zungusha kamba kwenye fito kila baada ya kiganja, na miche ya mwanzo uifunge mwenyewe, kwa kulegeza. Dukani nilikuta kamba za katani, nami kama mtoto wa mkoa wa Tanga sikuziacha, ingawa zilikuwa ghali kuliko za nailoni. Kama ungeniona nimesimama pale kwenye rafu nanusa kamba ungenishangaa.

Usiku wa kwanza, koa. Hawa ni konokono wasio na nyumba, na Yorkshire penye unyevu ndipo kwao. Asubuhi miche kadhaa ilikuwa imekatwa usawa wa ardhi, imebaki vijiti vya nusu sentimita na utelezi unaong'aa juu ya udongo. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma nikalia, nisikudanganye. Baadaye nikachokonoa udongo kwa kidole pale palipokuwa na mmoja wao, nikaikuta mbegu bado ipo chini, nzima, na ubavuni mwa kile kijiti kilichozikwa kuna ncha ndogo nyeupe inaanza kuelekea juu. Switipii, sawa na njegere, haipandishi mbegu yake juu ya ardhi inapoota; akiba na macho mengine yanabaki chini. Koa akila kilicho juu, mara nyingi mche unaanza tena. Nikarudishia udongo, nikaweka chupa ya plastiki iliyokatwa kitako juu ya kila kisiki, na mingi ilirudi.

Shemeji alijitolea kuniletea dawa ya koa aliyoikuta kwenye kibanda cha nyumba aliyohamia, punje za buluu ndani ya boksi la zamani. Soma lebo kabla ya kumwaga chochote. Dawa zenye metaldehaidi haziruhusiwi tena kutumika nje hapa tangu 2022, kwa sababu zinaua ndege na kalunguyeye, wale wanyama wadogo wa bustanini wenye miiba, na mbwa wa jirani anaweza kuzila. Punje za chuma fosfeti zinaruhusiwa. Mimi zaidi natoka na tochi saa nne usiku na kopo la maji ya chumvi. Si kazi ya kupendeza.

Kuanzia hapo mmea unajiendesha. Mei nzima unapanda. Juni mwanzoni vikatokea vichomozo vya maua, na vingi vikageuka njano vikadondoka vingali vimefumba. Nusura nirudi kwa muuza maua na pesa mkononi. Kumbe ni kawaida usiku ukiwa bado wa baridi au maji yakipungua, na inakoma yenyewe. Nikaongeza maji chini kwenye shina, si juu ya majani, na kabla Juni haijaisha uani kwetu palikuwa hapapitiki kwa harufu.

Kata kila siku, au siku moja na kuruka moja. Usionee huruma. Ua likiachwa likafanya ganda la mbegu, mmea unaona kazi yake imeisha na unaacha kuchanua. Wakati mzuri ni asubuhi mapema, maua mawili ya chini kwenye kikonyo yakiwa yamefunguka na la juu bado limefumba. Tumbukiza kwenye maji papo hapo. Ndani ya chupa yanakaa siku nne, tano ukibahatika, kwa hiyo kwa harusi ya Jumamosi uvunaji wa maana ni wa Alhamisi na Ijumaa. Hili sikuwa nimelipigia hesabu, kwamba maua yote yaliyofana wiki mbili zilizotangulia hayahesabiki. Kwa meza kumi na mbili ningehitaji mimea maradufu ya ile niliyokuwa nayo.

Ijumaa jioni ndoo za maua zilipelekwa ukumbini, zikawekwa stoo ya ubaridi pamoja na matunda ya mashemeji: maboksi ya ndizi mbivu, maembe, matikiti. Asubuhi sehemu kubwa ya maua yalikuwa yamesinyaa na mengine yamepukutisha petali ndani ya ndoo. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi ukizifungia na embe, na switipii ni miongoni mwa maua yanayoihisi haraka mno. Kwa hiyo kwenye sherehe yoyote, ndoo za maua zikae mbali na chumba cha matunda, na umwambie mtu wa jikoni sababu, la sivyo atazirudisha palepale penye nafasi. Rafiki wa Nakuru alikwenda supamaketi akarudi na maua meupe ya karnesheni na majani ya kujazia, pauni 70. Meza saba zilipata switipii ndani ya chupa za jamu, tano zikapata karnesheni zenye switipii mbili mbili za kutolea harufu. Bibi harusi alishika za Cupani na nyeupe, zilizokatwa uani asubuhi hiyo hiyo, nazo zilikuwa nzuri kweli.

Mbegu za awamu zote, mifuko miwili ya udongo, vyungu, fito, samadi na kamba, jumla pauni 63. Ongeza 70 za supamaketi. Ni chini ya theluthi ya alichotaka muuza maua, ila muda wangu sikuuhesabu na sitauhesabu. Mtu asiye na nafasi ya kuangalia mimea kila siku kuanzia Februari na akanunue tu, bila kuona haya.

Agosti mama mkwe alikuja kututembelea. Wakati huo nilikuwa nimechoka kukata, maganda yamejaa, mabichi, manene. Nikamkuta uani ameshika bakuli. "Mwanangu, mbona unaziacha njegere zikauke, na nazi ipo ndani?" Nikamwambia mama, hizo si za kula, zina sumu. Hakuamini. Ganda ni la njegere, punje ni za njegere, na mimi ni mkwe tu. Ilibidi mume wangu amwambie. Zikiliwa kwa wingi mbegu hizi hudhuru mifupa na tishu zinazoshikilia viungo, kwa hiyo kama nyumbani kuna watoto, au wageni wanaojua kupika, kata maganda yote mapema, na zile unazokausha kwa ajili ya mbegu ziandike jina na uziweke mbali na rafu ya nafaka. Majani yalishaanza kushikwa na ubwiri unga, ukungu mweupe kama unga, kutokana na ukame wa Julai, nikakata mimea yote usawa wa ardhi. Mizizi niliiacha udongoni. Ina vinundu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, na sukuma wiki niliyoipanda pale imenufaika nayo.

Siku hizi nasia Oktoba. Miche inapita miezi yote ya baridi kibarazani, fupi na ngumu, nayo huchanua mapema kuliko ya Februari na kwa vikonyo virefu zaidi. Kinachotakiwa ni wavu wa panya na kutomwagilia ovyo.

Dada yangu aliyeko Lushoto anataka nimletee mbegu nikija likizo. Nimemkatalia, kwa sababu mbegu haziingizwi mfukoni. Zinataka kibali na cheti cha afya ya mimea. Isitoshe, hizi zangu ni aina za kiangazi za huku, zinazongoja mchana uzidi saa 12 ndipo zichanue sawasawa, na karibu na ikweta zinaweza kumpa majani matupu. Ziko aina zinazochanua hata mchana ukiwa mfupi, zinazooteshwa kwa ajili ya majira ya baridi. Atafute hizo kwa wauza mbegu wa Arusha, na akizipata asie Aprili au Mei, zikue kipindi cha baridi ya Juni na Julai.